Boti ya Bosi

Mwisho wa mwezi duka la vipuri halina adabu. Watu walikuwa wamejazana mbele ya kaunta kama mbegu za papai, kila mmoja ameinua kitu chake kilichovunjika juu ya kichwa cha mwenzake, na muuzaji, kalamu sikioni, anajibu watu wanne kwa mdomo mmoja. Katikati ya msukosuko huo alisimama kinyozi mmoja kijana, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, amekumbatia betri mpya kifuani.

"Samahani kaka," sauti ikamwambia kwa nyuma, "huyo mtoto ameshacheua?"

Aligeuka. Dada mmoja mrefu, gauni la rangi ya bizari, kilemba kimefungwa kwa haraka lakini kikakaa kama kilichopimwa. Mkononi alishika mkanda wa mpira uliokatika, na kiwiko chake kilikuwa kimetapakaa unga.

"Bado," kinyozi akajibu. "Namsubiri mama yake aje ampokee."

"Basi utangoja sana. Mimi nimefuata mkanda wa mashine ya kukandia. Sina nafasi ya kulea."

"Kumbe unaoka mikate."

"Hapana. Hii unayoiona ni poda, nimekosea mahali pa kupaka."

Waliokuwa karibu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: "Betri hii ni ya boti. Nimenunua boti."

Mwanamume aliyenunua boti ni kama mwanamke aliyevishwa pete. Mkono haukai mfukoni. Alikuwa ameinunua kwa miaka mingi ya kunyoa vichwa vya watu, ili siku za mapumziko avushe abiria ng'ambo ya ghuba, maana barabara ya kuzunguka ni ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Boti haikuwa mpya, ila kwake ilikuwa mpya. Aliyemuuzia alitabasamu mno, na mnunuzi mwenye hamu huona meno, haoni ulimi.

Walipotoka dukani walikuwa wamepeana namba. Haukupita muda wakapeana na majina. Kinyozi alimwita Chachu, kwa vile moyo wake, alidai, ulikuwa umeumuka tangu siku ile. Chachu alimwita Nahodha, na kila alipolitamka jina hilo lilikuwa na kicheko ndani yake kama kokwa ndani ya tunda.

"Nahodha, umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakonda. Boti inaendaje?"

"Inateleza kama sabuni."

Boti haikuwa ikiteleza. Safari ya kwanza kabisa injini ilinguruma vizuri, ikamtoa gatini, ikamfikisha pale ambapo kila aliye nchi kavu anamwona, ikazimika. Akazungusha ufunguo, ikawaka, ikakohoa, ikazimika tena. Ikawa ni mchezo huo mpaka boti ya kazi ya bandari, ile inayokagua maboya, ikamsogelea. Mzee aliyeshika usukani, kofia imepauka na masharubu yamepauka zaidi, akaingia na kulegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi.

"Tangi nalo linataka kupumua, kijana. Ukilinyima hewa, petroli haishuki. Boti ya nani hii?"

Gatini watu walikuwa wamesimama kuangalia sinema ya bure. Aibu ikampanda kinyozi toka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikafika kooni, na ilipotoka mdomoni ilikuwa imevaa nguo za mtu mwingine.

"Ya bosi," akasema. "Mimi kibarua tu."

"Mwambie bosi wako aulize kabla ya kununua."

"Nitamfikishia, mzee."

Uongo ukiingia mdomoni huwa hauli peke yake, huita ndugu zake. Mara ya pili kinyozi alizima injini katikati ya ghuba kwa sababu za mapenzi: alitaka kumpigia Chachu ili asikie maji yakipigapiga ubavu wa boti. Walizungumza wakachoka, wakaanza upya. Alipokata simu na kuzungusha ufunguo, injini ilisema "tk", basi. Kumbe pampu ya kutolea maji ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri, bila swichi. Mchana na usiku inazunguka, inanyonya ile betri mpya kama kupe.

Yule mzee akaja tena, akamfunga kamba, akamvuta. Kuvutwa mchana kweupe ni kama kubebwa mgongoni na mama yako ukiwa na ndevu. Ili kupunguza uchungu, kinyozi akaanza kumsema bosi wake: bahili yule, hana analojua, ncha mbili za betri hajui ipi ni ipi, na anavyopenda sifa. Alimsema vizuri mno, maana alikuwa anamfahamu. Mzee alicheka hadi akajifuta macho kwa kofia.

"Pole mwanangu. Kumtumikia zuzu ni kazi mara mbili."

Jioni ile mzee akaipeleka hadithi nyumbani, mkewe na binti yake wakacheka naye, na tangu hapo Bosi Zuzu akawa kama mtu wa familia. Binti mwenyewe ndiye Chachu. Alikuwa amemwambia kinyozi kwamba baba yake yuko bandarini, naye kinyozi akajichorea mtu wa ofisini, mezani, na feni juu ya kichwa. Kesho yake Chachu alipiga simu ili wacheke wote.

"Nahodha, baba katuvunja mbavu jana. Ati kuna tajiri mmoja ana boti, halafu..."

"Chachu wangu, nitakupigia. Wembe uko shingoni mwa mtu."

"Haya, usimchinje. Nitakumalizia siku nyingine."

Siku nyingine wakasahau. Ila Chachu hakusahau kuomba lifti. Aliomba kwa maneno matamu, akaomba kwa kununa, mwishoni akasema: "Au boti yako ni ya kusimuliwa tu?" Hapo kinyozi akakubali. Alikuwa ameweka swichi ya pampu, amelegeza skrubu ya tangi, amepuliza kila kinachopulizika.

Chachu alikuja na gauni jeupe lenye maua mekundu pindoni, mtandio mwepesi mabegani, na mkate wa moto kwenye kitambaa. Kinyozi alifuta kiti kwa leso yake mwenyewe kabla Chachu hajakaa. Maji yalikuwa yametulia. Waliumega mkate, wakatupiana maneno, na kwa muda mfupi yule mwanamume alikuwa kweli ni nahodha. Kisha nyuma yake kukanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Waya mmoja wa betri ulikuwa umelegea na kuota kutu, ukapata moto ukayeyusha ganda lake, na injini ikanyamaza.

"Imekuwaje?" Chachu akauliza.

"Inapumzika."

"Na huo moshi, ndiyo inavuta sigara ya mapumziko?"

Jasho lilikuwa limemgandisha shati mgongoni, mikono myeusi kwa grisi. Alipoinua macho akaiona boti ya bandari inakuja.

Chachu naye aliiona. Aliijua tangu utotoni kwa mlio wake tu. Akavuta mtandio ukafunika nusu ya uso, akanyamaza makusudi, tabasamu limemjaa, akitaka kuona mpenzi wake atajitambulishaje.

"Wewe tena," mzee akasema huku akirusha kamba. "Bosi wako bado hajauza takataka hii?"

"Hasikii, mzee."

Tabasamu la Chachu likapungua. Bosi gani?

"Na huyo uliyempakia?"

Kinyozi alikuwa na sekunde ya kuwa mwanamume. Lakini alijiona alivyo, amechafuka, anaokolewa kwa mara ya tatu, na karibu naye mwanamke mzuri kuliko boti zote za ghuba ile. Akaona heri huyu mzee asijue kwamba mwanamke kama huyu ana mtu kama yeye.

"Abiria tu," akasema. "Wala simjui."

Chachu akateremsha mtandio.

"Shikamoo, baba."

Kinyozi alidhani ni adabu ya kawaida kwa mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu kwa mshangao. "Mikate ya leo umemwachia nani?"

Kuna aibu inayochoma na kuna aibu inayoganda. Hii iliganda. Safari yote ya kurudi kinyozi alitazama kamba iliyowavuta, na Chachu alitazama maji. Gatini kinyozi alimpa mkono ili ashuke, Chachu hakuushika.

"Asante kwa usafiri," Chachu akasema. "Nauli yako ni kiasi gani?"

Nyumbani mzee alimuuliza binti yake alikuwa anakwenda wapi na kibarua yule. "Nilikuwa navuka tu, baba," akasema, akajifungia chumbani. Aibu ni kama mafua, huambukiza hata wasio na hatia.

Kinyozi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara moja ilipokelewa, lakini na msichana anayefanya naye kazi: "Amesema nikwambie hamfahamiani." Kazini akawa anawakosea watu, mteja mmoja aliomba kupunguzwa nywele kidogo akatoka na kipara. Alianza kuchukia boti, halafu akaona boti haikusema neno lolote siku ile. Aliyesema ni yeye.

Mwishowe akaamka asubuhi akaenda gatini bila kupiga pasi shati. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi na manahodha wenzake, vikombe vya chai mkononi. Kinyozi alitaka kumwita pembeni, akajizuia. Uongo wake alikuwa ameusema mbele ya watu.

"Mzee, ile boti ni yangu. Yule bosi zuzu uliyenipa pole naye ndiye mimi."

Nahodha mmoja alicheka hadi chai ikampitia puani. Mzee hakucheka.

"Nimekutukana mbele ya uso wako, tena si mara moja."

"Ulinitukana kwa haki."

"Na abiria?"

"Si abiria. Ni mtu ninayetaka kumwoa. Nilimkana bila kujua wewe ni baba yake. Lakini hata ungekuwa mpita njia tu, ningekuwa nimemkana vilevile."

Mzee alitafuna masharubu yake kwa muda. Uso wake nao ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa anakumbuka yote aliyoyasema mezani, na binti yake akicheka.

"Hasira yangu ya boti imekwisha," akasema. "Ile nyingine si yangu kuisamehe. Yuko kazini. Ila mama yake usimwambie kitu kuhusu Bosi Zuzu mpaka nijipange."

Duka la mikate lilikuwa na foleni hadi mlangoni. Kinyozi akajipanga kwenye mstari kama wengine, harufu ya mikate ikimkumbusha kila kitu. Chachu alimwona, akaendelea kuhudumia. Zamu yake ilipofika, alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye noti iliyochanika.

"Mteja, nikusaidie nini?"

"Nimetoka kwa baba yako. Nimemwambia boti ni yangu."

Mkono wa Chachu ukasimama juu ya mkate. "Na nini kingine?"

"Kwamba nilikukana."

Nyuma yake mama mmoja mwenye kikapu akasogea mbele. "Alikukana? Mbele ya nani?"

"Mbele ya baba yangu mzazi, mama."

"Haa." Mama akaweka kikapu chini. Haraka aliyokuja nayo ilikuwa imekwisha.

"Niliona haya," kinyozi akasema. "Nimechafuka, boti imekufa. Sikutaka watu wajue uko na mtu wa namna ile."

"Usiniletee huruma." Sauti ya Chachu haikupanda, na hiyo ndiyo iliyouma. "Hukunisitiri mimi. Ulinifanya kitambaa ukajifutia uso. Injini ikizimika, ni ya bosi. Mpenzi akionekana, ni abiria. Siku mtoto wetu akifeli mtihani utasema ni wa jirani?"

Foleni nzima ikasogea karibu.

"Umesema wetu," kinyozi akasema polepole.

"Sikusema."

"Umesema," mama wa kikapu akashuhudia. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Chachu akainama chini ya kaunta kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Hakuna kilichoanguka. Alikaa huko chini muda mrefu, na alipoinuka macho yalikuwa na maji na shavu lilikuwa na unga.

"Na mimi niliiona boti ya baba inakuja," akasema, sasa anaongea na mikono yake. "Nikanyamaza ili nikucheke. Halafu nyumbani nikasema nilikuwa navuka tu. Kwa hiyo nami nimekukana."

"Mwanangu, mficha uchi hazai," mama wa kikapu akasema. "Mwambie siku, sisi wengine tuna watoto wanaosubiri chai."

Chachu alifunga mkate kwenye karatasi, akaukunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Jumapili," akasema. "Uje na wazee wako. Baba atakuwepo, na mama, na shangazi asiye na huruma katika maswali. Uliyoyasema hapa uyaseme na huko, yote."

"Nitayasema. Tutatoka asubuhi, tukate ghuba, kabla jua..."

"Mje kwa barabara," Chachu akasema, na akamwita mteja anayefuata.