Nafasi Haitoshi

Dada yangu, fundi cherehani, ni bahili wa bando kuliko wa vitambaa. Hata ukimtumia picha ya harusi, kwanza atatazama faili lina ukubwa gani, ndipo aamue kama wewe ni ndugu au adui. Binti yake wa pekee, tuliyempachika jina la Chiriku kwa kupenda kuongea, alikuwa akimcheka: "Mama, siku moja utapima hata salamu zangu!"

Chiriku aliugua, akatutoka. Nyumba ikapooza.

Asubuhi moja dada alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Chiriku. Simu ya marehemu ilikuwa kabatini, imezimwa, betri niliitoa mwenyewe.

Kwa mazoea, dada akakagua ukubwa. Faili lilikuwa dogo. Akabonyeza kupakua. Simu ikaandika: nafasi haitoshi.

Akafuta picha za mishono. Akakagua tena. Faili lilikuwa limeongezeka, limezidi kidogo tu nafasi aliyoipata. Akafuta nyimbo zote. Likaongezeka tena. Zikabaki picha za Chiriku.

"Dada, acha," nikamnong'oneza. "Hili si jambo la heri."

"Sura yake ninayo kichwani," akasema, machozi yakidondokea kioo cha simu. "Sauti ndiyo inanitoka. Mdogo wangu, naisahau sauti ya mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwachia, na moyo wangu ulikuwa unavunjika.

Akaanza na zilizotoka vibaya. Akakagua. Limeongezeka. Akafuta za shule. Limeongezeka. Za utotoni. Ikabaki moja. Akaibusu, akaifuta.

Faili likapakuliwa.

Akaweka simu sikioni, nami nikasogea. Ilikuwa sauti yake hasa, Chiriku wetu, ila ya chini, kama ya mtoto aliyelia mpaka akachoka.

"Mama, mbona unanifuta?"

Basi. Ujumbe ukatoweka. Dada akakimbilia sebuleni, kwenye picha kubwa ya Chiriku tuliyoitundika wakati wa msiba. Nikamsikia akianguka.

Picha hiyo ipo mpaka leo. Kioo ni kizima, fremu haijaguswa. Pazia la nyuma lipo. Kiti alichokalia kipo. Chiriku hayupo. Mto wa kiti umebonyea, kama mtu ameinuka sasa hivi.