Nani Alibadilisha Kirungu cha Gia?

Mume wangu alitaka kuniua... na nusura amuue mama yake mzazi!

Tulieni, msikimbilie kwenye komenti. Someni kwanza.

Asubuhi ile naendesha gari letu peke yangu kwa mara ya kwanza. Leseni ina siku nne tu, na nilijifunzia gari la shule ya udereva. Nikakanyaga klachi, nikatazama mchoro kwenye kirungu cha gia. Namba moja, juu kushoto. Nikaweka, nikaachia.

Gari likarudi NYUMA!

"Weee! Mkwe, unaniua!"

Mama mkwe, aliyekuwa akianika nguo nyuma ya gari, aliruka na beseni lake. Mti wa kamba ya nguo chini, mashuka yote vumbini.

Nikakitazama vizuri kile kirungu... Kipya! Cheusi, kinang'aa. Cha zamani kilikuwa na upara, hakina namba hata moja.

Ndugu zangu, ndipo nikakumbuka. Jana yake nilimsikia mume wangu akinong'ona kwenye simu:

"Funga leo leo. Kesho anaendesha peke yake. Asijue!"

Mbio hadi kwa fundi wetu pale kona. Akaja, akacheki, akaguna.

"Shemeji, gari lenu juu kushoto ni rivasi. Mchoro huu ni wa gari lingine."

"Nani kakwambia ukifunge?"

"Mumeo mwenyewe. Alishika vinne pale kwangu, akachagua hiki. Mimi nilifunga tu, sikuangalia mchoro."

Akachagua! Damu ikanichemka. Nikafungua grupu la ukoo wao, nikaandika: "Mwambieni ndugu yenu mpango wake umefeli. Niko hai."

Mume akafika kutoka kazini, shati limelowa jasho.

"Mama watoto, ndiyo nini hii?"

"Kwa nini ulibadilisha kirungu kwa siri?"

"Nilitaka kukufurahisha! Cha zamani hakina namba, nikaona utahangaika barabarani. Nikatafuta chenye namba kubwa."

"Na rivasi?"

Akakitazama... akashika kichwa.

"Miaka kumi na moja sijawahi kuangalia pale. Mkono unajua wenyewe. Nilipima tu kama kinaingia."

Mama mkwe akadakia huku akikung'uta shuka:

"Huyu hata kuchinja kuku anakimbia. Atamuua nani?"

Nikakimbilia simu nifute ule ujumbe. Kwenye grupu, shemeji mkubwa alikuwa ameshaitisha kikao.

Jioni fundi akafunga kirungu kingine, chenye mchoro sahihi. Mume wangu akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Toka hapo!"

"Sitoki. Weka namba moja."

"Nikikosea je?"

"Weka, mama watoto."

Nilimwona kwenye kioo. Mikono mfukoni, macho kayafumba, lakini hasogei. Nikalia kama mtoto. Nikaweka.

Gari likaenda mbele.

Wapendwa, ukimshuku mwenzako, muulize yeye kabla ya grupu. Mimi kikao ni Jumapili, na mshtakiwa sasa ni mimi. Wakili wangu pekee ni yule niliyemwita muuaji.