Spika ya Nyuma Kushoto

Mafundi wa redio za magari hawasemi spika inalia. Husema inaongea. Ile ya nyuma kushoto kwenye gari la mwalimu haikuwa inaongea hata kidogo, lakini fundi alipoigusa kwa kiganja aliikuta ya moto, na gari lenyewe lilikuwa limezimwa tangu jana.

Gari lilikuwa la marehemu mume wa mwalimu. "Kila asubuhi betri imekufa," mwalimu alikuwa amemwambia alipolileta, macho yake kwingine kabisa. "Na hiyo spika, fundi, ukiweza ing'oe. Siitaki."

Fundi alikagua kama kawaida yake. Fyuzi nzima. Karatasi ya spika imechanika. Taa ya kupimia iliwaka kila alipoigusisha. Akauvuta waya wa spika na kuumenya kwa meno, mtindo wake wa tangu ujana.

"Una koleo mkononi na bado unatafuna waya," mkewe alimsuta kutoka mlango wa jikoni, maana karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba. "Mwenzio anakutazama. Ataiga."

Mwenzio huyo alikuwa binti yao, amechuchumaa kando ya tairi. Aliiga kila kitu: kikohozi cha baba, mwendo wa mama, hata baba anavyojifuta jasho kwa mkono. Kuongea tu ndiko kulikomshinda. Watoto wa rika lake waliimba na kutukanana siku nzima, yeye kimya. Mama yake alishalia mpaka machozi yakamkauka. "Neno moja tu," husema. "Hata likiwa tusi nitalipokea."

Fundi akaitoa betri kabisa na kuiweka chini. Kisha akainama ndani ya buti, na kwa mzaha, kama alivyozoea kuzibembeleza spika sugu, akasema: "Haya mzee, ongea basi. Ongea."

Spika ikakohoa.

Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi, na karakana yake ilikuwa ya saruji tupu. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, polepole, kama mtu anayesema huku ana kitu kooni.

"Imechanika," ikasema. "Hii imechanika. Nitafutie nyingine."

Fundi alikamata koleo, akazikata nyaya, akaing'oa ile spika na kuitupa uani, nayo ikaendelea kuomba ikiwa imelala kifudifudi bila waya wala betri, nitafutie nyingine, nitafutie nyingine, mpaka alipoingia jikoni mbio na kufunga mlango nyuma yake.

"Mke wangu," alinong'ona, "mle kuna mtu."

"Mle wapi?"

"Kwenye spika. Betri nimeitoa, nyaya nimekata, bado anaongea. Anasema hii imechanika, anataka nyingine."

Mkewe alimtazama, uso umempauka. "Mtoto yuko wapi?"

Walitoka wakigongana mlangoni. Uani spika ilikuwa kimya. Binti yao alikuwa amekaa ndani ya buti, miguu inaning'inia, na kati ya meno yake alikuwa ameshika ule waya uliotokeza kwenye tundu la spika, anaumenya taratibu, vilevile kama baba yake.

Fundi akauchomoa kinywani mwake. Mtoto hakulia. Alijifuta jasho kwa mkono, akamtazama mama yake, akafungua kinywa, na midomo ikaanza kucheza.

"Anataka kusema!" Mama, maskini, alisahau yote. Akapiga magoti, machozi yaliyokauka yakamrudia. "Baba yake, anataka kusema! Ongea mwanangu. Ongea."

"Usimwambie hivyo!" fundi alipaza sauti, lakini alikuwa amechelewa.

Harufu ya udongo mbichi ilitoka katika kile kinywa kidogo.

"Hii," binti yao akasema kwa sauti nzito ya mwanamume, "ni nzima."