Kushoto, Kulia

Magharibi ilikuwa inaingia Granville, huko ughaibuni, pale Yazid aliporudi kutoka dukani na mchele, tui la kopo na ubani. Mama mkwe wake, Bi Sabiha, ndiye aliyemtuma, maana keshokutwa yake ilikuwa arobaini ya Lina, mke wa Yazid. Yazid akaweka mfuko mezani, akatoka uani kwenda gereji. Mwanamume akifiwa na mke hulia au huoa. Huyu wa Tanga aliingia chini ya gari.

Gari lenyewe mngeliona mngecheka. Bodi ya miaka ya mababu, injini kubwa kuliko adabu, magurudumu ya mbele yametoka nje wazi kama miguu ya panzi. Wazungu huyaita hot rod. Yazid na mkewe waliliunda kwa mikono yao, chuma kwa chuma, jioni Lina akitoka kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee. Yazid alimwahidi: siku litakapotengemaa, abiria wa kwanza ni wewe. Lina akaanguka jikoni, hakuamka tena. Ahadi ikabaki. Sasa alitaka gari hilohilo limfikishe kaburini kwa Lina siku ya arobaini.

Ila lilikuwa linatikisika. Likishika mwendo barabara kuu, mbele kunaanza kutetemeka, usukani unampiga mikono kushoto kulia kama mtu aliyeshikwa na homa, mpaka akanyage breki. Gari la namna hiyo huua. Alibadili matairi. Akayasawazisha magurudumu. Akabadili pini za ekseli. Wapi.

Kipimo kimoja alikuwa anakikwepa. Kinataka watu wawili: mmoja aketi ndani autikise usukani, mwingine alale chini ashike viungo vya vyuma, kimoja kimoja, asikie kipi kimelegea. Wa kuketi ndani alikuwa Lina. Na kiti kile Yazid hakutaka mtu mwingine akikalie.

Akalala chini, peke yake. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepandishwa juu ya mbao nene. Injini imezimwa, ufunguo umo mfukoni mwake. Harufu ya grisi. Harufu ya petroli. Akanyoosha mkono kwenye chuma kirefu kinachounganisha gurudumu na gurudumu.

Halafu... karafuu.

Lina alikuwa na tabia ya kutafuna karafuu.

Kiti juu yake kikalia, kwiii, kama kinavyolia mtu akikikalia.

"Mama?" Yazid aliita, sauti ndogo.

Bi Sabiha alikuwa jikoni, sufuria zake zilisikika hadi huku.

Usukani ukazunguka.

Polepole. Kushoto... kisha kulia. Chuma kikasogea mkononi mwake. Na usukani wa gari lile ni mzito, gari likiwa limesimama unataka mabega. Haugeuzwi na upepo. Haugeuzwi na paka.

Wewe ungekimbia. Yeye alifumba macho, akanong'ona kama alivyozoea.

"Kushoto."

Ukaenda kushoto.

"Kulia, mke wangu."

Ukaenda kulia.

Machozi yakamteremkia masikioni. Vidole vikatembea, kiungo kwa kiungo, hadi mwisho wa chuma upande wa kushoto. Tk... tk. Kiungo kilikuwa kinacheza ndani ya kikombe chake kama jino la mtoto. Ugonjwa wote wa gari ulikuwa hapo.

"Basi," akasema.

Lina akiambiwa basi alikuwa anaacha. Siku zote.

Usukani haukuacha.

Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa haraka, kwa nguvu. Gari zima likaanza kuyumba, mbao zikalia kando ya uso wake.

"Basi, Lina. Basi... utaniua."

Mlango wa gereji ukafunguka. Gari likaacha kuyumba.

"Unazungumza na nani?" Bi Sabiha alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake.

Yazid akajiburuta nje. Kiti kitupu. Usukani ulikuwa bado unarudi mahali pake, taratibu, na mama mkwe aliuona. Akanusa hewa.

"Karafuu," akasema.

"Nimemwambia basi, mama. Hakuacha. Lina angeacha. Si yeye."

Bi Sabiha akamtazama. Kama mlidhani atambembeleza, hamumjui.

"Mwanangu alikutii tangu ulipomwoa. Alitaka kusomea uuguzi, ukamwambia basi. Alitaka kuja kuniuguza Tanga, ukamwambia basi. Huko aliko wewe si mume wa mtu." Akageuka aende, akasimama. "Au si yeye. Vipo vitu huvaa harufu za watu. Tengeneza gari lako, uache kusemezana na usichokijua."

Kesho yake Yazid alikwenda kwenye maduka ya vipuri ya St Marys akanunua kiungo kipya. Kukibadili ni kazi ya chai kupoa. Hakukibadili; alikiacha rafuni ndani ya boksi lake. Siku ya arobaini walikwenda makaburini kwa gari la jirani. Waliporudi Bi Sabiha alisema neno moja tu.

"Ahadi yako iko rafuni, ndani ya boksi."

Wageni walipokwisha kuondoka, ubani ungali unanukia nyumbani, Yazid akaenda gereji. Boksi lilikuwa palepale, halijafunguliwa. Alilishika, akalirudisha. Gari likipona, nani tena atahitajika kuketi pale?

Akalala chini. Akashika kiungo kibovu. Akangoja.

Karafuu.

Kwiii.

"Kushoto," akanong'ona.

Ukaenda. Kulia. Kushoto. Kulia, kushoto, mbao zikaanza kulia, gurudumu likasogea... likasogea tena... mpaka ukingoni mwa ubao, na chuma kikamshukia kifuani, baridi. Yazid akafungua kinywa aseme basi.

Akakifunga.