Shuka kwa Watu

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba shangazi aliacha kuniita "wewe". Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba cha pasi akasema, "Habari za asubuhi, mwenzangu." Niligeuka nione anaongea na nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Shangazi ni dobi. Anaongoza watu wawili tu: mimi na mfuaji wetu, ambaye sote tunamwita Povu. Povu anafua, mimi napiga pasi, shangazi anapokea nguo na kutufokea. Ndivyo tulivyoishi, na nguo zilitakata.

"Ana homa?" Povu aliniuliza.

"Ana vitabu," nikamjibu.

Alikuwa amenunua vitabu vitatu vya uongozi kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu anayeuza vitabu vya mitumba ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi alifungua kimoja, akatuongoza kama kilivyosema. Kitabu kiliposema kiongozi awe mkali, tulikaripiwa hata kwa kupiga chafya. Kiliposema kiongozi acheke na watu wake, alicheka peke yake, sisi tukimtazama na ndoo mikononi. Povu akawa anachungulia dirishani kabla ya kuingia.

"Leo tuna bosi yupi?" ananiuliza kwa sauti ya chini.

Kitabu cha tatu kilisema kiongozi asikae juu kama bendera. Ashuke, awasikilize watu. Neno hilo shangazi alilipenda sana. Alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa: SHUKA KWA WATU. Akakitundika nje, kwenye kamba ambapo mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yanakauka.

Nikasoma. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kusoma najua.

"Shangazi," nikasema, "hilo neno la kwanza..."

"Mwenzangu, kiongozi anazungumza. Nawafundisha kushuka."

Nikarudi kwenye pasi.

Kabla jua halijawa kali, foleni ya watu mlangoni kwetu ilikuwa imefika hadi kwa fundi viatu wa jirani.

"Samahani, mama," akauliza bibi aliyetangulia. "Hizi shuka mnazotoa, ni moja kwa kila mtu au moja kwa kila kitanda?"

"Shuka zipi?" akauliza shangazi.

"Si mmeandika wenyewe? Shuka kwa watu. Mimi ni mtu."

"Bibi, hiyo siyo shuka ya kujifunika. Ni shuka ya kuteremka."

"Niteremke wapi na mguu huu?"

Nyuma yake mtu akasema yeye anataka ile ya maua, na asirukwe.

Wakati huo huo akafika mama mwenye nyumba ya wageni. Akawakuta watu wanapapasa mashuka yake, wengine wanapima upana kwa mikono.

"Kumbe mnagawa mali yangu," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Shangazi akaanza kumweleza habari za uongozi. Kila mama yule alipofungua mdomo, shangazi aliongeza sura nyingine ya kitabu.

"Basi," mama akasema mwishowe. "Kesho nakuja kuchukua kila kilicho changu. Madobi ni wengi."

Zaidi ya nusu ya kazi yetu ilikuwa yake. Bila mashuka yale, mimi nisingekuwa na cha kupiga pasi, na ningerudishwa nyumbani. Povu alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Sasa tumeshuka kweli," akasema.

Mwalimu alivuka barabara. Shangazi akamrudishia vitabu vyake.

"Chukua. Vimeniharibia."

"Vitabu havina kosa, dada. Umevimeza vyote kama mtu anayemeza dawa za magonjwa matatu, kumbe anaumwa moja."

"Naumwa nini?"

"Asubuhi binti alitaka kukwambia jambo. Nilisikia nikiwa mlangoni kwangu. Alitaka kusema nini?"

Shangazi akanitazama. "Sijui."

"Huo ndio ugonjwa. Umeandika kushuka, lakini hukushuka. Chukua somo moja tu. Uliza, kisha nyamaza mpaka mtu amalize. Usijitetee. Akimaliza, rudia alichosema, uone kama umemwelewa. Halafu rekebisha jambo moja ambalo ataliona kwa macho yake."

"Kunyamaza ndiko kunakonishinda."

Mwalimu akachomoa kibanio cha nguo kwenye kamba, akampa. "Uma hiki."

Kesho yake mama wa nyumba ya wageni alikuja na mkokoteni. Shangazi akamvutia kiti.

"Dada, nini kinakuudhi kwangu?" akauliza. Kisha akauma kibanio.

Mama akashangaa, lakini akasema. Bango lilikuwa jambo dogo. Shida ilikuwa mashuka yake kurudi yamechanganyika na ya watu wengine. Juzi mgeni wake mmoja, mzee mwenye tai, alitandikiwa shuka ya mtoto yenye picha za bata. Mashavu ya shangazi yalitetemeka. Kibanio kililia, lakini neno halikutoka. Mama alipomaliza, shangazi akakitoa mdomoni.

"Unasema mashuka yako yanachanganyika hapa kwangu, nawe unaaibika mbele ya wageni."

"Hivyo hivyo," mama akasema. "Leo umenisikia."

Shangazi akamuuliza Povu tufanye nini, akauma tena. Povu akasema tushone uzi mwekundu kwenye pindo la kila shuka ya mama, na tuzianike kwenye kamba yake peke yake. Tulianza pale pale. Mama alikubali kutujaribu mwezi mmoja. Hakuna bata aliyerudi kwake, na sasa anatuletea hata mapazia.

Shangazi bado anafoka, maana tabia ni ngozi. Lakini kila Jumatatu anatuuliza mmoja mmoja. Povu huongea mpaka kibanio kinalowa. Mimi nilikuwa nasema tu, "Sina neno, shangazi," naye anaendelea na kazi zake.

Jumatatu iliyopita hakuondoka. Aliketi mbele yangu na kibanio chake, akasubiri. Pasi ikapoa, bado anasubiri.

"Shangazi," nikasema, "kazi hii naipenda. Ila meza ya pasi imenizidi kimo. Tangu nije hapa, napiga pasi nikisimama kwa vidole vya miguu."