Vijiko Ng'ambo ya Mstari wa Njano

Kitu cha kwanza alichokiona ni viatu. Buti kuukuu za kazi, na badala ya kamba zilikuwa zimefungwa kwa waya wa shaba, umesokotwa vizuri kama nywele za bi harusi. Yeye alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kuchambulia vyuma, akiokota vijiko vilivyomponyoka, huku malori yakigombania mizani kwa honi.

"Unatafuta nini huko chini, dada? Mume?" aliuliza mwenye buti.

Meza nzima ikacheka. Akatoka uso ukimwaka, sumaku yake ya kupimia vyuma ikining'inia shingoni. Kwa sababu ya sumaku hiyo, kituo kizima cha taka kilimwita Sumaku.

"Vijiko," alijibu, kwa sauti ya kusikiwa na vijiko vyenyewe tu.

"Usivitupe. Nipe mimi."

Mwenye buti alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikuwa ameletwa kwa wiki sita aunde korongo, ndege wa vyuma chakavu, mrefu kama nyumba, wa kusimamishwa katikati ya mji. Tangu siku hiyo Sumaku alimwekea beseni la bluu mlangoni mwa karakana yake: vijiko, minyororo ya baiskeli, gia zilizoota kutu. Na fundi, ingawa walitengwa na hatua thelathini tu, alimpigia simu kila mapumziko.

"Sumaku, leo umeninyima vijiko?"

"Angalia chini ya gia."

"Ala! Kumbe unanificha. Haya, sema unanipenda nikate simu, nina kazi."

Sumaku akaizungusha gia mkononi.

"Bado upo, mpenzi?"

"Nipo."

"Basi nitasubiri."

Maneno yalimjaa kinywani, akayameza kama mate.

Wiki ya mwisho mambo yakaharibika. Sakafu ya kituo ilikuwa na mstari wa njano tangu zamani. Kilicho ndani ya mstari kinasubiri. Kilichouvuka ni cha mashine ya kubana, hakiulizwi. Jumatano asubuhi Sumaku alikuta beseni tupu, na vijiko vyake vyote vimebanwa, vinachungulia kwenye robota la chuma.

"Vilikuwa ng'ambo," alisema dereva wa foklifti. "Mimi na mstari hatubishani."

Kwa hiyo fundi amevitupa. Sumaku alisimama pale. Simu ikalia.

"Nimeviona vijiko," alisema fundi. Hakumwita mpenzi. "Sawa. Nimekuelewa." Akakata.

Amenielewa nini? Siku mbili swali hilo lilimzungusha kama pia. Alikaa, akasimama, akafunga kanga kiunoni, akaifungua. Mama mdogo, aliyemlea tangu alipoacha shule darasa la nne na ambaye sasa alichambua vyuma ubavuni mwake, alipiga kelele: "Wewe! Bati umelitia kwenye shaba! Leo macho umeyaacha nyumbani?"

Ijumaa lori likaingia kumchukua korongo. Alikuwa na bawa moja tu.

Sumaku alienda kwenye marobota, akapapasa lile lenye vijiko. Vidole vikagota kwenye uvimbe mdogo. Mwingine. Mwingine tena. Vijiko vilishikana mpini kwa mpini, kwa mshono wa moto, safu baada ya safu, kama manyoya ya bawa. Nani achomelee kitu anachokitupa?

"Mama mdogo! Nani alimweleza fundi habari za mstari?"

"Si wewe? Wewe ndiye jirani yake."

"Mimi sikusema."

"Wewe tena! Lini umewahi kusema kitu?"

Akatoka mbio, aproni ikimpiga magotini. Fundi alikuwa anakaza kamba juu ya lori, shati lake limejaa matundu ya cheche.

"Hukuvitupa!"

"Nivitupe?" Akaruka chini. "Ndani hapakuwa na nafasi. Nikalitandaza bawa pale penye uwazi, ulione asubuhi ukiingia. Nikakuta umelipeleka kwenye mashine."

"Si mimi, ni mstari. Kilichouvuka kinabanwa. Ningekuambia siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Fundi, tunaondoka!" dereva wa lori akapiga honi.

Fundi alimtazama Sumaku, kisha akageukia foklifti. "Mzee, pakia na lile robota. Korongo atasimama juu ya bawa lake."

"Mstari je?" akauliza dereva wa foklifti.

"Mstari utanisamehe."

Robota likapanda. Sumaku aliinamisha macho, kama kawaida yake, yakatua kwenye buti. Waya wa kushoto ulikuwa umekatika. Akatoa kipande cha shaba mfukoni, akapiga magoti, akafunga polepole, huku injini ikiunguruma.

"Unatafuta nini huko chini?" fundi aliuliza kwa upole, bila mzaha.

Akasimama. Akasema kwa nguvu hata mama mdogo akasikia kule mezani:

"Nilikupenda kuanzia viatu. Sura nimeiona baadaye."