Akicheka, Huanza na Nini?

Evaline alijikata kidole kwa kisu cha samaki, akalia, lakini uso wake haukulia.

Mama yake, Verediana, alikuwa akigeuza dagaa juani. Alisikia kilio, akageuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka mtoto na sauti ilikuwa ya mtu anayeumia kweli, ila paji la uso lilikuwa laini na nyusi zimetulia, kama za mtu anayengoja zamu yake bombani.

"Inauma?" Verediana aliuliza, akimfunga kidole kwa kitambaa.

"Inauma sana, mama."

"Mbona hukunji uso?"

"Ninakunja," alisema Evaline.

Ilikuwa miaka ile boti zilipokuwa zikivuka kutoka Kongo zimejaa watu hadi ukingoni. Waliteremka kwenye mwalo wa Katonga, wengi wakiwa wamepotezana na ndugu zao njiani, bila hata picha moja ya kuonyesha. Telesphory, mume wa Verediana, alikuwa fundi wa kuandika majina ya mitumbwi na mabango ya maduka. Alianza kuwachorea watu waliopotea, kwa maelezo ya wanaowatafuta. Alichora kwa makaa na rangi upande wa ndani wa mifuko ya saruji, kisha akatundika michoro kwenye kamba pale mwaloni, kwa vibanio vya nguo, ili kila anayeshuka botini aitazame. Wapo walioonana kwa njia hiyo. Mama mmoja wa Uvira alimkuta mwanawe kambini kwa sababu ya mchoro, na tangu siku hiyo baraza ya Telesphory haikukosa watu.

Hakuuliza pua ikoje wala masikio yakoje. "Mtu hatambuliwi kwa pua," alikuwa akisema. "Akicheka, huanza na nini? Akikasirika, anakuficha au anakuonyesha?" Akishapata jibu, alimketisha mtu hai mbele yake, jirani yeyote mwenye kufanana kidogo, akamwambia acheke vile au anune vile, akaazima uso wake. Oswald wa duka la nyavu alishaazimwa hasira zaidi ya mara moja, akawa anajigamba kwamba nusu ya Kongo inatafutwa kwa sura yake.

Kisha alikuja mama yule wa adhuhuri.

Alikuja jua likiwa utosini, saa ambayo hata kuku wanajificha, amejitanda kitenge hadi machoni. Pindo la kitenge lilikuwa limelowa. Alikuwa akimtafuta binti yake, alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayezungumza akiwa na kichwa ndani ya mtungi. Binti akicheka, huanza na macho. Telesphory alifurahi, kwa sababu Evaline naye huanza na macho. Akamketisha. Mama yule alileta samaki wawili wakubwa aina ya kuhe kwa shukrani, na Verediana aliwapokea, akawakaanga, wakala wote wakashiba. Siku ya pili akaja kutaka hasira ya binti huyo huyo. Siku ya tatu, muda mfupi kabla ya kile kisu, kilio. Kila alipoondoka, kigoda kilibaki kimelowa, na barazani kulibaki harufu ya tope la chini ziwani ambalo halijawahi kuona jua.

Jioni ile ya kidole, Marcelina, jirani anayeuza samaki mwaloni, alipita na beseni lake kichwani.

"Mama Evaline, mwambie mwanao aache kukaa kwenye yale mawe ya majini. Nimemwona mchana anacheka peke yake. Anacheka vizuri, mpaka na mimi nikacheka, sijui nacheka nini."

"Evaline ameshinda hapa."

"Nimemwona, dada."

"Ameshinda hapa, Marcelina. Nimemfunga kidole mimi mwenyewe."

Marcelina alimtazama mtoto aliyekuwa akiokota kuni uani, akatazama kitambaa kidoleni, akatua beseni lake chini polepole. Hakulibeba tena mpaka Oswald alipopita, ndipo akaomba amsindikize.

Verediana alimfuata mumewe barazani. "Yule mama wa adhuhuri. Nichoree uso wake."

"Wa nini?"

"Nichoree tu."

Telesphory hakuwahi kusahau uso. Aliweza kuchora abiria aliyemwona mara moja stendi ya Mwandiga mwaka juzi. Alichukua kipande cha makaa, akachora kitenge, mikunjo yake, na giza lililo chini ya kitenge, halafu mkono ukasimama juu ya karatasi, ukabaki hapo.

"Hakuna kitu," alinong'ona. "Vere, nimekaa naye siku tatu. Hakuna kitu pale."

"Na kesho anataka nini?"

Telesphory aliweka makaa chini. "Kesho anataka binti yake akiwa amelala."

Verediana hakuwa mtu wa waganga. Alikwenda Ujiji jioni hiyo hiyo kama mtu anavyokwenda kwa fundi wa baiskeli: kitu kimeharibika, na fundi yupo. Bi Mwamini, mganga wa huko, alimsikiliza akichoma ubani, bila kumkatiza, isipokuwa alipotajiwa wale samaki. Hapo alitikisa kichwa.

"Huyo ni wa ziwani. Umbo analo, hana cha kuweka usoni. Anatembea kati ya watu na hakuna anayemwona, kwa sababu binadamu huona furaha na uchungu, haoni nyama. Sasa amekiokota kwenu."

"Nikiichoma ile michoro?"

"Utachoma na kilichomo. Na kesho akipata wa usingizi, mtoto hataamka." Bi Mwamini alipuliza makaa. "Mtoto hakukubali, aliketishwa tu. Kwa hiyo alichochukua ni cha wizi, na cha wizi ni chepesi. Akipewa uso wa mtu aliyeridhia mwenyewe, atautupa ule abebe huu."

"Na huo utarudi kwa mwenyewe?"

"Sikudanganyi, mwanangu. Haurudi."

Verediana alishukuru, akaondoka haraka kwa sababu dagaa walikuwa bado nje.

Kesho yake alimfungia Evaline jikoni, akaketi mwenyewe kwenye kigoda. Miaka kumi na miwili Telesphory alikuwa akimwomba akae amchore, na miaka yote alikuwa na kazi. Jua lilipofika utosini, harufu ya tope ilitangulia. Mama yule aliingia, akasimama.

"Mtoto yuko wapi?" iliuliza sauti ya mtungini.

"Ana kazi," alisema Verediana. "Nipo mimi. Nimekubali mwenyewe."

Maji yalidondoka kutoka kwenye pindo. Kisha yule akachuchumaa mbele yake, karibu mno.

Telesphory alishika brashi. Swali lilimtoka kwa mazoea: "Akicheka, huanza na nini?" Akajijibu mwenyewe. "Huanza na kidevu. Hukikaza kwanza, asionekane anataka kucheka. Akikasirika huwa mpole, ndipo umwogope. Kulia hajawahi kulia mbele yangu, ila kuna siku hukaa na kisu anakata vitunguu, na mboga ya siku hiyo haina kitunguu."

Verediana hakuwa akijua kwamba mumewe aliliona hilo, na alitaka kucheka, akangoja kidevu kikaze, hakikukaza, na hapo akahisi uso wake ukivutwa taratibu kama kitambaa kibichi kinavyobanduliwa kwenye meza, kwanza paji, kisha pembe za macho, kisha mdomo, huku brashi ikikwaruza karatasi na maji yakidondoka na kile kilichokuwa chini ya kitenge kikimsogelea hadi akahisi baridi yake kwenye kope, na hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba anaogopa, kwa sababu hofu ilikuwa imeshahamia kwenye karatasi.

Jikoni jogoo aliruka juu ya masufuria. Evaline alipiga yowe, akasukuma mlango hadi komeo likaachia, akaja mbio barazani, mdomo umepinda na nyusi zimepandana, uso wote ukilia.

Yule mama alisimama, akakwanyua mchoro rangi ikiwa mbichi, na alipogeuka kuelekea ziwani, Telesphory aliona chini ya kitenge kidevu kikikaza.

Michoro ya Evaline ilikutwa kwenye kamba ikiwa mifuko mitupu ya saruji. Telesphory aliacha kuchora nyuso, akarudia kazi ya kuandika majina ya mitumbwi.

Kuhusu Verediana, watu hawakugundua kitu, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtu wa kuchekacheka. Ila mara moja, mwaloni, mkimbizi aliyeshuka usiku uliopita alimkamata mikono miwili. "Aksanti, mama. Jana nilipokosa nguvu ya kumlilia mwanangu, wewe ulinililia." Verediana hakuwa mwaloni jana. "Pole na safari, dada," alisema, uso wake mtulivu kama sahani.

Evaline peke yake ndiye aliyeuliza, siku moja wakianika dagaa.

"Mama, ukinikasirikia nitajuaje?"

"Utasikia."

"Yule mwingine huwa najua. Yule wa kwenye mawe. Ananichekea kama ulivyokuwa unanichekea zamani."

Verediana aliweka ungo chini. "Amekuita?"

"Hapana. Sauti yake bado ya mtungini."

"Basi sikiliza sauti. Mwenye sauti hii ndiye mama yako. Uso usiuamini."

Tangu siku hiyo Verediana, ambaye maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, alizungumza mchana kutwa. Alizungumza akiosha vyombo, akichambua mchele, akichochea moto, yale yale kila siku, mtoto asipoteze sauti. Majirani walisema utu uzima umemfungua mdomo.

Ila adhuhuri moja kohozi lilimkaba, akanyamaza kidogo ili anywe maji. Kutoka kwenye mawe, pale mawimbi yanapogonga, alisikia mtu akisafisha koo, kisha akijaribu sauti yake yeye Verediana, taratibu, na mtungi ukiwa umekaribia kwisha kabisa ndani yake:

"Evaline. Njoo ule."